Jina la Njaa: Vita, Mihogo na Kumbukumbu ya Wanyonge wa Nyeri, 1943

UTANGULIZI

Jamii ambayo haikuandika tarehe kwa tarakimu iliziandika kwa majina. Wagikuyu wa Nyeri, kama wenzao wa Murang'a na Kiambu, walikuwa na ada ya kuipa kila njaa kubwa jina lake. Marika ya waliotahiriwa nayo yakabeba majina ya maradhi na mambo yaliyotukia wakati wao. Aliyejua majina hayo alikuwa na kalenda kamili kichwani. Makala haya yanachunguza jina moja miongoni mwa hayo, Ng'aragu ya Mianga, yaani Njaa ya Mihogo, ambalo ni jina la njaa ya mwaka 1943. Jina hilo linalinganishwa na filamu ya Satyajit Ray iitwayo Ashani Sanket (1973), inayosimulia njaa ya Bengal ya mwaka huo huo. Swali linaloulizwa ni hili: neno moja laweza kuhifadhi nini katika historia ya wanyonge, na ni nini ambacho neno peke yake haliwezi kukihifadhi?

VITA KAMA MZAZI WA NJAA

Njaa ya 1943 haikuwa ya kwanza kuletwa na vita vya watu wengine. Katika Vita Vikuu vya Kwanza vijana wengi wa nchi ya Ugikuyu walichukuliwa kwa nguvu kuwa wapagazi wa jeshi la Uingereza, hasa katika msako mkubwa wa mwaka 1917. Maelfu hawakurudi. Waliosalia nyumbani, wengi wao wakiwa wanawake, wazee na watoto, walikutwa na ukame wa 1918 na kisha homa kali iliyozagaa duniani kote. Njaa hiyo iliitwa Ng'aragu ya Kimotho. Katika nchi ya Wagogo, katikati ya Tanganyika, njaa ya wakati huo huo, iliyofuata majeshi ya pande zote mbili kujitwalia nafaka na mifugo, iliitwa Mtunya. Kikosi cha wapagazi nacho kiliacha jina lake katika Kiswahili: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zatokana na jina la kikosi hicho kwa Kiingereza, lililotamkwa kwa ulimi wa Waafrika. Leo wanunuzi wa vitenge na samaki hulitaja jina hilo kila siku bila kukumbuka mizigo.

MWAKA WA MIHOGO

Mwishoni mwa mwaka 1942 mvua za vuli zilikuwa haba. Lakini mvua peke yake haielezi yaliyofuata. Kenya ilikuwa ghala la majeshi: palikuwa na askari wa kulishwa na maelfu ya mateka wa Kiitalia waliotekwa katika Ethiopia na Somalia. Mwaka 1942 Wajapani waliiteka Burma, na mchele uliokuwa ukitoka huko ukakatika. Mwaka huo huo serikali ya kikoloni iliunda mamlaka ya kusimamia ununuzi na uuzaji wa mahindi. Walowezi walihakikishiwa bei nzuri. Mkulima Mwafrika alilipwa bei ya chini kuliko yao kwa mahindi yale yale. Matokeo yake hayakuwa ya ajabu. Mahindi yalijificha, na soko la magendo likastawi. Hali ilipozidi kuwa mbaya, serikali yenyewe ililazimika kuunda Tume ya Uchunguzi wa Upungufu wa Chakula mwaka 1943.

Katika wilaya ya Nyeri hali ilikuwa na kinaya chake. Wakati wa vita serikali iliweka kiwanda cha kukaushia mboga huko Karatina, na wakulima wa Mathira walikuza viazi na mboga, zikakaushwa na kupelekwa kwa askari. Kwa hiyo shamba lilizaa, na chakula kilipakiwa na kuondoka, ilhali jina lililobaki vinywani mwa watu kwa kuukumbuka wakati huo ni jina la njaa. Vita vilipokwisha kiwanda kilifungwa, nako kufungwa kwake kukaongeza orodha ya manung'uniko ya wakulima katika miaka iliyotangulia vita vya Mau Mau.

Yafaa sasa kulitazama jina lenyewe. Mgikuyu wa milimani alizoea mahindi, maharagwe, wimbi, viazi vitamu, viazi vikuu na ndizi. Muhogo haukuwa chakula chake kikuu. Kuiita njaa kwa jina la muhogo ni kusema kwamba watu walisukumwa hadi kwenye chakula ambacho hawangekichagua. Hapa ndipo penye nguvu ya jina. Ripoti za serikali huhesabu magunia; jina huhesabu kilichoingia chunguni. Hata hivyo jina lina upungufu wake: linataja kilicholiwa, halimtaji aliyesababisha. Mjukuu alisikiapo leo aweza kudhani kwamba ni mvua tu iliyokosa adabu.

FILAMU YA BENGAL

Upungufu huo ndio ambao Ray aliuziba kwa upande wa Bengal. Filamu yake, iliyotunzwa tuzo kuu katika tamasha la Berlin mwaka 1973, yatokana na riwaya ya Bibhutibhushan Bandyopadhyay. Gangacharan, Mbrahmini aliyehamia kijijini na mkewe Ananga, ni mwalimu, kasisi na mganga kwa wakati mmoja. Vita kwao ni uvumi wa mbali na ndege zipitazo angani. Kisha bei ya mchele inapanda. Inapanda tena. Adabu za tabaka na heshima ya jirani kwa jirani zinalegea hatua kwa hatua, wanawake wanachimba viazi mwitu msituni, na mmoja wao anajiuza kwa mchele. Mandhari yote hayo ni ya kijani kibichi: ardhi haikukauka, na bado watu wanakufa. Msomi Amartya Sen, aliyeishuhudia njaa hiyo utotoni, alitoa hoja iyo hiyo kwa njia ya uchumi katika kitabu chake cha mwaka 1981: mtu hufa njaa si kwa kuwa chakula hakipo tu, bali kwa kuwa hana uwezo wala haki ya kukipata.

Bila shaka ukubwa wa misiba hii miwili haulingani. Bengal ilipoteza watu mamilioni. Lakini shina lao ni moja. Dola ilikuwa moja, na Burma ilikuwa moja. Vijana wa Nyeri wenyewe, akiwamo Waruhiu Itote ambaye baadaye alijulikana kama Jenerali China, walipelekwa kupigana katika vita vya Burma.

MLIMA MMOJA, KUMBUKUMBU MBILI

Haiwezi kusemwa kwamba Mlima Kenya wa mwaka 1943 haukupata filamu. Mnamo Januari mwaka huo mateka watatu wa Kiitalia, mmoja wao Felice Benuzzi, walitoroka kambi ya Nanyuki, wakaupanda mlima, kisha wakarudi kambini kwa hiari yao. Benuzzi aliandika kitabu, na kutokana nacho ikatengenezwa filamu ya The Ascent (1994). Mjini Nyeri lipo pia kanisa la ukumbusho ambamo wamezikwa Mtawala wa Aosta, aliyefariki mwaka 1942, na mamia ya askari wa Kiitalia. Hakuna ubaya wowote katika kumkumbuka mateka. Lakini pambano hilo la kumbukumbu halikuwa la haki: upande mmoja una kitabu, filamu na kanisa la mawe, upande wa pili una neno moja.

Filamu zilizofuata hazikuirekebisha hali hiyo. Simba (1955) na Something of Value (1957) ziliviangalia vita vya Mau Mau kwa kupitia nyumba ya mlowezi. Na hali kuanzia mwaka 1954 watu zaidi ya milioni moja wa Ugikuyu, Embu na Meru walihamishiwa vijiji vya lazima, wakafungiwa kwa amri za kutotoka nje, na wanawake wakachimbishwa handaki kando ya misitu ili wapiganaji wasipate chakula. Njaa iligeuzwa silaha, na walioanza kuumia nayo ni wale waliokuwa kijijini.

HITIMISHO

Imeonekana kwamba jina la njaa ni hati ya kihistoria iliyotungwa na walioumia wenyewe, na kwamba ni hati fupi mno. Linahifadhi ladha ya msiba bila kuhifadhi mwendo wake. Filamu ya Ray inadhihirisha kwamba mwendo huo waweza kuonyeshwa bila jemadari wala uwanja wa vita, kwa bei ya mchele tu na uso wa mwanamke anayeipokea habari yake. Waliokuwa watu wazima mwaka 1943 karibu wote wamekwisha kufa, na waliokuwa watoto wanapungua kila mwaka. Kazi ya wanaisimu na wanafasihi, basi, si kuorodhesha majina hayo katika kamusi pekee, bali kukusanya masimulizi yanayoyazunguka wakati wenyewe wangalipo: nani alipika nini, alikipata wapi, na kwa bei gani. Bila ya hayo, Mianga litabaki neno ambalo mjukuu ataeleza maana yake kuwa ni mihogo, na atakuwa amesema kweli, lakini hatakuwa ameijua njaa.