Jina la Kitambaa na Kitambaa Chenyewe: Kutoka Merikani hadi Barakoa

Mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini Kongo alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Barakoa za viwandani zilikuwa adimu, na kazi ya kuzishona ikawaangukia mafundi wa cherehani. Kwa fundi wa Bwegera, kwenye barabara ya Uvira kuelekea Bukavu, swali la kwanza lilikuwa: kitambaa kipi? Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba swali hilo lina historia ndefu katika mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, na kwamba historia hiyo yatufunza tusiliamini jina la kitambaa peke yake.

Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858, waliikuta ni kituo cha biashara ya pembe, nafaka, watumwa na mbugu, yaani nguo za magome ya miti. Bidhaa hizo zilinunuliwa pia kwa nguo za pamba zilizotoka pwani, zikipimwa kwa mikono: mikono minne ni shuka, shuka mbili ni doti. Kaniki, nguo ya buluu iliyokoza, ilitoka Bara Hindi. Merikani, nguo nzito isiyopaushwa, ilifumwa Marekani na kuletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1833. Wanunuzi waliithamini kwa uimara wake.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865) vilipunguza sana nguo hiyo. Nafasi yake ikachukuliwa kidogo kidogo na nguo za Uingereza na Bombay, lakini jina halikubadilika. Kwa istilahi ya isimu, jina la nchi lilikuwa limegeuka kuwa jina la aina ya kitambaa. Asili ikasahaulika, neno likabaki. Tangu hapo aliyetaka merikani imara hakuwa na budi kuigusa, kuivuta na kuitazama.

Mwaka 2020 maneno yalihama tena. Barakoa, kifuniko cha uso cha wanawake wa Omani na Unguja, likapata maana ya kinga ya pua na mdomo. Upande wetu wengi walitumia kashne, kutokana na Kifaransa. Kadhalika kitenge, au kikwembe, hutaja sura na matumizi zaidi kuliko nyuzi: kimoja ni pamba tupu, kingine ni poliesta, na vyote viwili huitwa kwa jina lilelile.

Tofauti hiyo haikuwa ya mapambo. Tarehe 5 Juni 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri tabaka tatu: ya ndani inyonye unyevu, kama pamba, ya kati ichuje, ya nje isinyonye, kama poliesta. Vitambaa vinavyonyumbuka havikupendekezwa, kwa kuwa vikivutwa vitundu vyake hupanuka. Basi fundi alipoinua kitambaa juani kutazama kama mwanga unapenya, alikuwa akiuliza swali la mnunuzi wa merikani, ila sasa jibu lilihusu pumzi ya mtu.

Kwa hiyo anayekusanya msamiati wa nguo asiridhike na kuandika jina na tafsiri yake. Aandike pia uzi, mfumo na uzito. Bila hayo, kamusi itahifadhi jina na kupoteza kitambaa.