Barua ya Kuulizia: Historia Fupi ya Istilahi Isiyotulia

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya barua ya aina moja ambayo wananchi wengi wamepata kuiandika, na maofisa wengi wamepata kuipokea, lakini lugha yetu haijaipatia jina lililokubaliwa na wote. Ni barua ambayo mtu humwandikia mwenye madaraka, kwa adabu na kwa utaratibu wa kiofisi, akitaka kujua hali ya jambo linaloihusu jamii: kisima cha kijiji kitachimbwa lini, zahanati imekosa dawa kwa sababu gani, michango ya shule imetumika vipi. Mwandishi wa barua hiyo haombi kupewa kitu, wala hamshitaki mtu. Anauliza, na anatarajia kujibiwa.

Huenda baadhi ya wasomaji wakaona kwamba kukosekana kwa jina ni jambo dogo. Katika kazi ya istilahi tumejifunza kwamba kitu kikikosa jina lake huazima jina la jirani, na pamoja na jina hilo huazima tabia za jirani huyo. Barua ya kuulizia imekuwa ikiitwa mara ombi, mara lalamiko. Ikiitwa ombi, anayeipokea hujiona yu huru kukubali au kukataa. Ikiitwa lalamiko, hujiona ameshitakiwa, akaanza kutafuta jinsi ya kujitetea. Katika hali zote mbili swali lililoandikwa hubaki bila jibu. Hatuna budi kurejea nyuma ili tuone mambo yalivyofikia hapo.

Barua za kale

Uandishi wa barua katika pwani yetu ni wa siku nyingi. Miongoni mwa maandishi ya kale zaidi ya Kiswahili yanayotajwa na wanahistoria ni barua zilizoandikwa Kilwa kwa hati za Kiarabu mwaka 1711, ambazo sasa zimehifadhiwa Goa, Bara Hindi. Mwaka 1892 Mjerumani Carl Büttner alichapisha mjini Berlin mkusanyiko wa maandishi ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa hati hizo hizo, na kwa njia hiyo desturi za waandishi wa pwani zikaweza kusomwa hata na wageni.

Barua ya desturi hiyo ilikuwa na mpango wake. Ilianza kwa kumtaja anayeandikiwa pamoja na sifa zake na dua ya kumtakia heri. Kisha zilifuata salamu, na baada ya salamu neno la kufungulia habari yenyewe. Hapo ndipo mwandishi aliposema: nakuarifu. Kitenzi hiki, kuarifu, kina asili ya Kiarabu, na kimetuzalia majina mawili tunayoyatumia kila siku, yaani maarifa na taarifa. Tunaomba msomaji alishike neno hili taarifa, kwani tutalirudia.

Katika mpango huo kuuliza kulikuwa na nafasi yake ya heshima. Mtu alitoa habari zake kwanza, ndipo akaulizia za mwenzake. Aliyeuliza alikuwa ametanguliza kitu. Adabu ya barua ya Kiswahili, kwa hiyo, haikuwa katika kujidhalilisha. Ilikuwa katika kupeana habari.

Majina ya barua yenyewe nayo yana historia ya kufundisha. Waraka ulikuwa barua ya kawaida. Siku hizi waraka hutoka ofisi ya juu kwenda kwa walio chini, kama vile Waraka wa Elimu. Risala ilikuwa ujumbe ulioandikwa na kupelekwa. Leo, hasa nchini Tanzania, risala husomwa kwa sauti mbele ya kiongozi na wananchi waliokusanyika kumpokea. Jina lililobaki mikononi mwa kila mtu ni barua.

Chini ya ukoloni

Utawala wa Wajerumani ulikitumia Kiswahili katika kazi za serikali. Shule ya serikali ya Tanga, iliyoanzishwa katika miaka ya 1890, ilifundisha makarani kuandika kwa hati za Kirumi, na barua zikaanza kwenda na kurudi baina ya maakida na maboma. Lakini barua hizo zilikuwa na kazi mbili kubwa: kupeleka ripoti juu na kuleta amri chini. Nafasi ya raia kuulizia jambo haikuwapo katika mpango huo.

Walipokuja Waingereza, Kiingereza kilishika ngazi za juu za utawala, na Kiswahili kikaachiwa ngazi za chini. Ndipo zikaingia katika barua zetu desturi za ofisi ya Kiingereza zilizofasiriwa neno kwa neno. Mwandishi alisema kwamba anayo heshima kumjulisha Bwana Mkubwa jambo fulani, na mwisho akajiita mtumishi wake mtiifu. Katika lugha ilikotoka, tamko hilo lilikuwa limechakaa kwa kutumiwa mno, hata maofisa wa vyeo sawa waliandikiana hivyo bila kulifikiria. Katika Kiswahili lilisomwa kama lilivyo. Mwananchi aliyejiita mtumishi mtiifu mwanzo wa swali lake alikuwa amekwisha kujinyima haki ya kulipwa jibu.

Kwa sababu hiyo, mambo makubwa ya jamii yalipelekwa kwa njia ya maombi. Mfano ulio wazi ni wa Wameru. Mwaka 1951 waliondolewa kwa nguvu katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili ipewe walowezi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet aliyafikisha malalamiko yao mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York. Ardhi haikurudishwa kwa safari hiyo, lakini dunia ilisikia, na wananchi wa Tanganyika wakajifunza kwamba maneno yaliyoandikwa vizuri yaweza kufika mbali. Hata hivyo, tuangalie jina la hati ya namna hiyo: ombi. Watu waliotaka kuulizia ardhi yao wenyewe iliwapasa waombe.

Mahali pengine palipokuwa na nafasi ya kuuliza palikuwa magazetini. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilichapisha barua za wasomaji, na baada yake magazeti mengi yakafuata. Huko msomaji aliweza kuuliza kuhusu desturi, elimu au lugha, akajibiwa na mhariri au na msomaji mwenzake. Tunaweza kusema kwamba barua ya kuulizia, baada ya kukosa mlango wa boma, ilipata hifadhi katika kurasa za magazeti.

Baada ya mwaka 1967

Mwezi wa Januari, 1967, Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, alitangaza kwamba Kiswahili kitumike katika shughuli zote za Serikali kwa kadiri iwezekanavyo. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Ofisi zilihitaji mara moja maneno ya kazi, na mengi yaliyopatikana wakati huo bado yanatutumikia: S.L.P. kwa sanduku la posta, Kumb. Na. kwa nambari ya kumbukumbu, Yah. kwa yahusu, na k.n.y. kwa kwa niaba ya. Neno Ndugu nalo likashika mahali pa Bwana Mkubwa. Badiliko hilo lilikuwa kubwa, kwani mwandishi na mwandikiwa waliwekwa katika daraja moja.

Lakini umbo la barua lilibadilika upesi kuliko majina ya aina zake. Vitabu vya shule viliendelea kufundisha barua ya kirafiki, barua ya mwaliko na barua ya kuomba kazi. Mwanafunzi alihitimu akijua kuomba na kualika, asijue kuulizia.

Ugumu mwingine ulitokana na neno uchunguzi. Mwaka 1966 ilianza kazi Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyopokea malalamiko ya wananchi dhidi ya watumiaji mabaya wa madaraka. Mwaka 1970 iliundwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Polisi nao walikuwa na uchunguzi wao, na daktari wake. Hivyo neno moja lilibeba mizigo minne: kusikiliza malalamiko, kufanya kazi ya kitaalamu, kutafuta mhalifu na kutafuta ugonjwa. Baadaye utafiti ulipunguza mzigo mmoja. Lakini ni dhahiri kwamba barua ya kuulizia haikuweza kuitwa barua ya uchunguzi bila kumtia hofu anayeipokea. Udadisi nao una harufu ya kuingilia mambo ya watu, na upelelezi hausemeki.

Tukitazama Bungeni tunaona tofauti. Mbunge huuliza swali, na Waziri hana budi kulijibu. Kisha huja maswali ya nyongeza. Hapo kuuliza kuna jina, kuna utaratibu na kuna wajibu wa kujibu. Mwananchi anayetaka kujua jambo lile lile kwa njia ya posta hana jina la kuliandika mbele ya Yah.

Haki iliyokuja mbele ya jina

Sheria imetangulia lugha katika jambo hili. Mabadiliko ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1984 yaliingiza haki za raia, na Ibara ya 18 inatambua haki ya kupewa taarifa. Mwaka 2016 ilitungwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, inayomtaka mwenye taarifa atoe jibu la maandishi katika muda usiozidi siku 30. Nchini Kenya, Ibara ya 35 ya Katiba ya mwaka 2010 inatoa haki kama hiyo, na sheria yao ya mwaka 2016 inaweka siku 21.

Hapa tunarudi kwenye neno taarifa. Mwandishi wa kale alisema nakuarifu, akatoa habari kwa hiari na kwa heshima. Leo taarifa imekuwa kitu ambacho raia anastahili kupewa. Lakini tunaendelea kusema kwamba raia huyo anaomba taarifa. Kitenzi omba kwetu ni kile kile anachotumia mwenye kusali na mwenye kunyoosha mkono njiani. Adabu yake ni njema katika salamu na katika tamati. Katika kichwa cha barua kinafunika haki iliyomo ndani.

Pendekezo

Lugha yetu ina njia yake ya kutatua jambo hili. Kitenzi uliza hutaja anayeulizwa: namwuliza Mkurugenzi. Umbo la ulizia hutaja jambo linalotafutwa: naulizia kisima. Kutokana na vitenzi vya umbo hilo tumezoea kupata majina: kimbilia na kimbilio, kusudia na kusudio, tarajia na tarajio. Kwa kanuni hiyo hiyo ulizia hutupatia ulizio, wingi wake maulizio. Tunapendekeza barua hii iitwe barua ya kuulizia, na jambo lililomo liitwe ulizio, ili ombi, lalamiko na ulizio vitofautiane katika majalada kama vinavyotofautiana katika maana.

Tutoe mfano. Mwezi wa Novemba, 2021, Serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba wanafunzi walioacha shule, wakiwemo wasichana waliojifungua, waruhusiwe kurudi masomoni. Tuseme wazazi wa kata moja wanataka kujua utekelezaji wake. Wakiandika, “Tunakuomba utuonee huruma,” wametoa ombi. Wakiandika, “Kwa nini mnawazuia watoto wetu?” wametoa lalamiko, huenda dhidi ya ofisi isiyo na kosa. Wakiandika, “Tungependa kufahamishwa ni wasichana wangapi wa kata yetu waliorudi shuleni tangu tangazo hilo, na ni utaratibu gani mzazi apaswa kuufuata,” wametoa ulizio. Sentensi hii ya tatu ina adabu, maana umbo la -nge- hulainisha kauli bila kuishusha. Pia inajibika: mwenye ofisi anajua ni idadi gani atafute na ni utaratibu gani aeleze.

Barua ya namna hiyo haihitaji maneno mengi. Iwe na anwani, tarehe, na kichwa kinachotaja ulizio. Mwandishi ajitambulishe kwa sentensi moja na aeleze jambo linavyowahusu watu anaowasemea. Maulizio yapangwe kwa nambari, kila moja na jambo lake. Mwisho atoe shukrani na kutaja anwani ya kupokelea jibu. Utumishi mtiifu waweza kuachwa. Wako katika ujenzi wa Taifa, au Wako tu, inatosha.

Tunafahamu kwamba istilahi haitungiwi mezani ikakubalika kwa siku moja. Walimu watakaoifundisha, makarani watakaoiandika juu ya majalada, na wananchi watakaoitumia mbele ya Yah. ndio watakaoamua kama ulizio litakaa au litaondoka. Wako pia wanaopendelea maulizo, kutokana na uliza, nao wana hoja, kwa kuwa neno hilo limekwisha kuonekana katika baadhi ya ofisi. Tunawakaribisha wasomaji watuletee maoni yao pamoja na mifano ya matumizi waliyoyasikia katika sehemu zao, ili jambo hili lifikishwe katika kikao cha kusanifisha istilahi likiwa na ushahidi wa kutosha.