Kuishi jirani na mamba Ziwa Rukwa

Ukiwa Kizwite, mamba ni stori tu. Teremka hadi bonde la Rukwa, utakuta watu wanaoishi naye kila siku. Ziwa hili lina kina kifupi na halina mto wa kutoa maji. Mvua zikizidi linatanuka, na nyumba iliyokuwa mbali inajikuta ufukweni.

Mamba mkubwa huvuka mita 4. Anavizia majini, karibu kabisa na ukingo, hasa jioni na usiku. Ukichota maji sehemu ileile kila siku, anakusoma. Ndoo ya kamba ni salama kuliko kuinama. Uzio wa miti imara majini ni bora zaidi.

Akidhuru mtu, wahi serikali ya kijiji au ofisa wanyamapori. Sheria inatoa kifuta machozi, ambacho si fidia.