Neno "effective", sheria na klorokwini

Haya wadau, test zimeisha, nimerudi. Leo tuongee kidogo historia, kupitia neno moja la Kiingereza ambalo halikosekani kwenye mbao za matangazo: effective. Utaratibu mpya wa ada, effective Jumatatu. Geti kufungwa saa nne usiku, effective leo. Halafu huyo huyo anayesoma tangazo akienda duka la dawa anaulizia kama dawa fulani ni effective.

Ni neno moja lakini linabeba vitu viwili. Kwa sheria maana yake ni kwamba imeanza kutumika, kwa hiyo inatosha tarehe na sahihi ya mkubwa. Kwa dawa maana yake inatibu. Hapo sahihi haisaidii kitu, maana mdudu wa malaria hasomi matangazo. Kiswahili kinatenganisha vizuri tu: sheria imeanza kutumika, dawa inafanya kazi. Kiingereza kinaziweka kapu moja, na ukisoma ripoti haraka haraka unaweza kudhani ya kwanza imeleta ya pili.

Sasa angalia klorokwini. Waulize wazazi wetu huku Mkolani na Buhongwa, watakuambia ule uchungu na ule muwasho wa mwili mzima! Wengi waliiamini kwa sababu ni kali. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1970 tayari usugu dhidi yake ulikuwa umeanza kuripotiwa Afrika Mashariki. Mwongozo wa serikali kwa Tanzania Bara ulikuja kubadilika Agosti 2001. Hebu piga hesabu: zaidi ya miaka ishirini mwongozo uko palepale huku dawa inazidi kuchoka, na wanaolipa ni watoto wa chini ya miaka mitano.

Ikaja SP, ambayo wengi waliijua kwa jina la Fansidar. Mtu mzima anameza vidonge vitatu mara moja, basi. Kwenye makaratasi ilishaanza kutumika, ila mtaani watu waligoma kuiamini. SP haishushi homa kama walivyozoea, na habari za madhara yake kwenye ngozi zilitembea kuliko gari la abiria. Isitoshe ilikuwa ya mpito tu, wadudu nao walishaanza kuizoea. Mwishoni mwa 2006 kuingia 2007 ikapokewa na dawa mseto, ALu, vidonge 24 kwa siku tatu kwa mtu mzima. SP ikabaki kwa kinga ya wajawazito.

Lakini mimi kilichonishangaza zaidi ni cha majirani zetu Malawi. Wao waliiacha klorokwini mwaka 1993, wa kwanza Afrika. Mwaka 2006 ukatoka utafiti wa Blantyre: watoto wenye malaria ya kawaida walipopewa klorokwini ileile, ilifanya kazi kwa asilimia 99. Yaani baada ya kukosa dawa ya kupambana nayo, wadudu wenye usugu walikuwa wamepotea. Dawa imepona, jamani, lakini sheria imeshaifukuza!

Na hawakuirudisha. Ingetumika tena peke yake nchi nzima, usugu ungerudi. Mwaka 2007 Malawi nayo ikahamia dawa mseto.