Gazeti Lililotoka Tanga

Gazeti mjini Tanga lilizaliwa shuleni. Shule ya serikali waliyoifungua Wajerumani hapa katika miaka ya 1890 ilikuwa na karakana ya uchapaji, na vijana wa pwani wakafundishwa kupanga herufi za risasi kwa mkono, moja baada ya moja, kinyumenyume. Kufikia 1905 karakana ile ilikuwa inatoa Kiongozi, gazeti la Kiswahili la kila mwezi. Halikuwa la kwanza. Wamisionari wa Kiingereza walikuwa na Msimulizi huko Kiungani, Unguja, tangu 1888, na baadaye Habari za Mwezi pale Magila, jirani na Muheza. Lakini hayo yalikuwa ya kanisa na watu wake. Kiongozi lilikuwa la walimu, makarani na maakida, Waislamu wengi wao, waliotawanywa na serikali kutoka boma hadi boma. Kila mmoja alileta habari za alipo: mvua, nzige, safari, nani kafariki, nani kahamishwa.

Ni kweli lilikuwa gazeti la mkoloni, na hakuna aliyeandika humo kwamba kodi imewachosha watu. Hata hivyo mwenyeji wa Tanga aliliona jina la mji wake limechapwa mbele ya macho yake, kwa lugha yake, na habari ya mtaani kwake ikapakiwa kwenye treni. Reli ya Usambara, iliyoanzia hapa hapa bandarini, ilifika Mombo 1905 na Moshi 1911. Habari zilitoka Tanga kwenda bara. Naomba msomaji alishike hilo.

Mwaka 1916 Waingereza waliuteka mji na Kiongozi likakoma. Mwaka 1923 Idara ya Elimu ya serikali mpya ikaanzisha Mambo Leo, makao yake Dar es Salaam, na mkondo ukageuka. Shaaban Robert, aliyezaliwa 1909 Vibambani, karibu kabisa na mji huu, alipeleka mashairi yake kwa mhariri wa Dar es Salaam, na sisi tukayasoma yaliporudi kwa posta. Yakafuata magazeti mengine: Kwetu la Erica Fiah mwaka 1937, Zuhra la Mashado Plantan, Ngurumo mwaka 1959, Uhuru mwaka 1961. Yote yalichapwa Dar es Salaam.

Babu yangu alikuwa karani wa shamba la mkonge. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa tani zipatazo 230,000 za mkonge, na sehemu kubwa ilitoka mkoani kwetu, kwa hiyo makambi yalikuwa yamejaa watu wa kila kabila, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Nakala moja ya Ngurumo ilikuwa inafika kambini. Babu aliisoma kwa sauti jioni, na si wote waliomzunguka waliokuwa wajinga wa kusoma. Miongoni mwao walikuwamo wazee waliosoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu vizuri kabisa, ila gazeti lilikuwa la herufi za Kizungu, wakabaki kusikiliza kama watoto. Babu alijua uzito wa jambo hilo, hata akawa anaanza kwa kuwaomba radhi. Nadhani ndiyo maana hakuna aliyewahi kuhesabu wasomaji wa magazeti yetu sawasawa: mnunuzi mmoja, masikio ishirini.

Nyumbani kwetu Ngamiani gazeti lililetwa na kijana mwenye baiskeli. Katika miji yetu tarishi wa posta hapiti mlango kwa mlango, barua hufuatwa kwenye sanduku. Aliyetaka gazeti limfikie nyumbani alihitaji mtu anayeijua nyumba yake. Kijana huyo aliijua barabara ya Nane mpaka ya Ishirini kwa majina ya watu, akijua nani analipa taslimu na nani anaandikwa daftarini mpaka mwisho wa mwezi. Baba, aliyekuwa mwalimu, aliandikwa daftarini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona leo jioni jioni?"

"Basi liliharibika Segera."

Toka Dar es Salaam hadi Tanga ni kama kilomita 350, kwa hiyo gazeti la asubuhi kwetu lilikuwa la mchana, na siku ya bahati mbaya likawa la kesho yake. Hatukujali. Ilikuwa miaka ya 1980, karatasi ilikuwa adimu, Uhuru lilikuja na kurasa chache, na kila ukurasa ulikuwa na kazi baada ya kusomwa. Mama alijalidia madaftari yetu, muuza karanga akafungia karanga. Nimejifunza maneno mengi kwenye jalada la daftari la hesabu.

Baada ya 1992, vyama vingi viliporudi, magazeti yakafurika. Rai, Majira, Nipashe, baadaye Mwananchi mwaka 2000 na Habari Leo mwaka 2006. Meza za magazeti zikawa vijiwe. Watu walisimama asubuhi wakisoma vichwa vya habari bila kununua, na wauzaji wakawavumilia, kwa sababu mmoja kati ya kumi angetoa pesa. Yule kijana wa baiskeli, sasa mtu mzima, akawa na meza yake karibu na stendi na vijana wawili wa kusambaza. Huo ndio ulikuwa wakati wa neema, na hata wakati huo ukurasa wa mikoani ulikuwa mmoja, Tanga ikigombania nafasi na Kigoma na Songea.

Kuanguka kwa magazeti hakukuja kwa kishindo. Redio zilizoea kusoma magazeti asubuhi, na aliyesikia vichwa vyote akinywa chai aliona hana haja ya kulipa. Kisha simu. Siku hizi kabla ya swala ya alfajiri picha za kurasa za mbele zimeshazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na gazeti lenyewe bado liko barabarani. Matangazo yakahama, na bila matangazo bei ya nakala haitoshi kulipa karatasi, wino na mafuta ya gari. Wenye magazeti wakapunguza waandishi wa mikoani, na hapo ndipo ninapoumia zaidi. Ukosefu wa karatasi tuliuzoea. Ninachokililia ni yule mtu aliyekuwa akikaa mahakamani, sokoni na kwenye baraza la madiwani kwa niaba yetu, akijulikana kwa sura na kuulizwa mtaani kwa nini kaandika vile.

Mwezi uliopita nilipita pale mezani. Zilikuwapo nakala chache zilizobanwa kwa mawe zisipeperushwe na upepo wa bahari. Muuzaji aliniambia wanunuzi wake wa uhakika ni ofisi na madalali, wanaotafuta matangazo ya minada. Wa majumbani amebakiwa na mmoja, bibi mstaafu wa Chumbageni, na siku hiyo goti lilikuwa linamsumbua muuzaji, hawezi kupanda baiskeli. Akaniomba nimpelekee.

Nilibisha hodi, nikaamkia, nikampa gazeti. Bibi hakulifungua. Macho, akasema, yamekwisha mwaka wa pili sasa, ila hajaacha kununua. Mjukuu humsomea akirudi shuleni.

"Keti unisomee wewe basi. Anza na habari ya Tanga."

Nikafunua ukurasa mmoja mmoja mpaka wa michezo, nikarudi tena mwanzo. Alikuwa amekaa kimya, mikono mapajani, anangoja. Nikamwambia haipo leo, bibi, nikamsomea ya Mbeya.