Chungwa Lililodharauliwa: Historia Ambayo Kila Mama Afaa Kuijua

  

Leo nataka tuzungumze kuhusu matunda, lakini tutapitia njia ya historia. Nitakueleza jinsi watu wenye merikebu, mizinga, pesa na madaktari walivyougua na kufa kwa karne nyingi kwa kukosa kitu ambacho pengine kimeanguka chini ya mti nyuma ya nyumba yako. Ukinifuata mpaka mwisho utaelewa kwa nini sisi wauguzi hatuchoki kukuuliza kliniki: "Mtoto amekula tunda gani leo?"

Wageni wagonjwa Mombasa na Malindi

Mwezi wa Julai mwaka 1497, Mreno aitwaye Vasco da Gama aliondoka Lisbon na merikebu nne, akitafuta njia ya bahari ya kwenda India. Chakula chao kilikuwa kile kisichooza upesi: biskuti ngumu, nyama ya chumvi na vitu vikavu. Miezi ilipita. Kufikia Januari 1498, walipotia nanga kwenye mto mmoja katika pwani ya Msumbiji ya leo, wengi walikuwa wagonjwa. Mmoja wa wasafiri aliandika habari za safari ile. Anasema miguu na mikono yao ilivimba, na fizi zikafura mpaka zikafunika meno, mtu akawa hawezi kula.

Ugonjwa huo ni kiseyeye. Mwili unapokosa vitamini C kwa miezi kadhaa, hushindwa kutengeneza gundi inayoshika nyama, mishipa na mifupa pamoja. Fizi hutoka damu, meno hulegea, vidonda havifungi, viungo huuma, na mwishowe mtu hufa.

Tarehe 7 Aprili 1498 merikebu hizo zilifika Mombasa. Mfalme wa mji aliwapelekea kondoo, pamoja na machungwa, malimau na miwa kwa wingi. Wagonjwa wakapona. Sasa hebu sikia maelezo ya mwandishi yule: alimshukuru Mungu, kisha akasema wamepona kwa sababu hewa ya Mombasa ni nzuri! Machungwa yalikuwa mkononi na maganda yalikuwa miguuni, lakini sifa ikapewa hewa.

Wakati wa kurudi kutoka India mambo yalikuwa mabaya zaidi. Walikaa baharini karibu miezi mitatu, na watu 30 wakafa kwa kiseyeye. Katika kila merikebu walibaki watu saba au wanane tu wenye nguvu ya kufanya kazi. Walipofika Malindi tarehe 7 Januari 1499, nahodha alimtuma mtu nchi kavu haraka alete machungwa, kwa sababu wagonjwa waliyatamani sana. Yaliletwa kesho yake, pamoja na matunda mengine. Lakini kwa wengi ilikuwa wamechelewa. Walifia papo hapo Malindi. Siku chache baadaye waliichoma moto merikebu yao moja, São Rafael, kwa kuwa mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha zote.

Ukienda Malindi leo utaiona nguzo ya Vasco da Gama, na watoto wa shule hupelekwa kuitazama. Mkulima aliyepanda machungwa yale hakuandikwa jina. Lakini mimi nakuambia, mama, mtu muhimu katika habari hii ni yeye.

Mabaharia kumi na wawili

Ugonjwa uliendelea kuua mabaharia kwa miaka mingine mia mbili na zaidi. Mwaka 1747, daktari wa jeshi la majini la Uingereza, James Lind, aliamua kupima badala ya kubahatisha. Ndani ya meli ya Salisbury alichukua wagonjwa 12 wa kiseyeye, akawagawa wawili wawili, wote wakala chakula cha aina moja. Kisha kila jozi akaipa dawa yake. Wengine walipewa siki, wengine maji ya bahari, wengine matone ya asidi, wengine kinywaji cha matofaa, wengine mchanganyiko wa vitunguu saumu na viungo. Wawili walipewa machungwa mawili na limau moja kila siku.

Matunda yaliisha baada ya siku sita. Lakini siku hizo sita zilitosha. Mmoja wa wale wawili alirudi kazini, na mwenzake akapata nafuu hata akawekwa kuwahudumia wagonjwa wengine.

Je, unadhani kesho yake kila meli ilipakia malimau? La. Lind alichapisha kitabu chake mwaka 1753, na jeshi likaanza kutoa maji ya limau kwa mabaharia wake wote baada ya mwaka 1795. Hiyo ni zaidi ya miaka 40. Wakubwa hawakuamini kwamba ugonjwa mzito hivyo unaweza kuzuiwa na kitu chepesi hivyo.

Na kuna funzo jingine. Katika miaka ya 1860 walibadilisha limau wakaanza kutumia ndimu, ambayo ina vitamini C kidogo zaidi. Tena juisi yake ilihifadhiwa muda mrefu na kupitishwa kwenye mabomba ya shaba, nayo shaba huiharibu vitamini hiyo. Mwaka 1875 msafara wa Waingereza ulielekea Ncha ya Kaskazini ukiwa na juisi hiyo kwenye chupa. Kiseyeye kiliwapata vilevile. Chupa ilikuwepo na jina la tunda lilikuwepo, lakini nguvu ya tunda ilikuwa imekwisha. Kumbuka jambo hili utakapoiona juisi ya paketi yenye picha nzuri ya embe.

Watoto wa matajiri walipougua

Sehemu hii ndiyo inayotuhusu zaidi sisi tunaolea watoto.

Mwishoni mwa karne ya 19, viwanda vya Ulaya na Marekani vilianza kuuza maziwa ya mkebe na unga maalum wa watoto. Matangazo yalikuwa mazuri. Familia zenye pesa zilinunua, na mama wengi wakaacha kunyonyesha. Baada ya muda, madaktari wakaanza kuletewa watoto wachanga wanaolia wakiguswa miguu, fizi zimevimba na zina rangi ya zambarau, hawataki hata kukalishwa. Wengine walidhani ni ugonjwa wa mifupa. Mwaka 1883 daktari mmoja wa London, Thomas Barlow, alionyesha kwamba ni kiseyeye, ugonjwa uleule wa mabaharia.

Mwaka 1898 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilikusanya habari za wagonjwa 379 wa namna hiyo. Wengi walitoka katika nyumba zenye uwezo, na wengi walikuwa wamelishwa vyakula vya viwandani. Mtoto wa maskini aliyenyonya titi la mama yake alikuwa salama kuliko mtoto wa tajiri aliyelishwa kwa mkebe. Na tiba? Maziwa mabichi yasiyo ya mkebe, viazi vilivyopondwa na maji ya machungwa. Mtoto aliyekuwa akilia usiku kucha alianza kutulia baada ya siku chache.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mama wale hawakuwa wajinga wala wabaya. Waliwapenda watoto wao, na walinunua kile walichoambiwa ni bora. Ndiyo maana nakueleza habari zao bila kuwacheka. Matangazo ya siku hizi yanatusemesha sisi kwa sauti ileile.

Kuku wa Java

Kabla sijafika jikoni kwako, kuna kisa kimoja kifupi cha nafaka. Karibu na mwaka 1890, katika kisiwa cha Java, Indonesia ya leo, watu wengi walikuwa wakiugua beriberi, ugonjwa unaodhoofisha miguu na moyo. Daktari Mholanzi, Christiaan Eijkman, aliona kuku wake wakiyumba miguu kama wagonjwa. Kisha ghafla wakapona. Alipouliza, aligundua kwamba walikuwa wakilishwa mabaki ya wali mweupe kutoka jiko la hospitali ya jeshi, mpaka mpishi mpya akakataa kuwapa kuku wa raia chakula cha jeshi. Wakaanza kupewa mchele usiokobolewa sana, nao ndio uliowaponya. Dawa ilikuwa kwenye ngozi ya mchele, ile inayotupwa kama pumba. Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1929.

Vitamini C yenyewe ilitambuliwa kwa hakika mwaka 1932. Kwa hiyo kutoka machungwa ya Mombasa mpaka sayansi kuelewa, ilipita miaka 434. Nyanya zetu waliokuwa wakichuma mapera na ukwaju hawakungojea.

Je, mambo haya yamekwisha?

Hayajakwisha, mama. Kati ya mwaka 2017 na 2018, hapa kwetu Kenya, katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, vijana kutoka Sudan Kusini walianza kulalamika maumivu ya miguu na fizi kuvimba. Uchunguzi ulionyesha ni kiseyeye. Chakula chao kilikuwa nafaka na maharagwe ya mgao, na vitu vibichi vilikuwa adimu. Walipopewa vitamini C walipata nafuu. Nafaka kavu, hata ukishiba, haina vitamini C.

Kijijini kwako pengine hutaona kiseyeye kamili. Utakachoona ni mtoto anayepungukiwa na damu, mwenye mafua yasiyokwisha, anayekula ugali na chai asubuhi na jioni huku maembe yakipakiwa kwenye lori. Tunauza embe, kisha pesa ileile tunanunua soda na biskuti. Sisemi usiuze. Karo ya shule inatakiwa. Nasema, kabla lori halijaondoka, mtoto wako awe mteja wa kwanza.

Jikoni kwako

Mtoto wa chini ya miezi sita anahitaji maziwa ya mama peke yake. Usimpe maji ya machungwa wala juisi yoyote. Akifikisha miezi sita, endelea kumnyonyesha, na umwanzishie vyakula laini, yakiwemo matunda yaliyopondwa: ndizi mbivu, papai, avokado, embe. Osha mikono na uoshe tunda kwa maji safi kabla ya kulikata. Toa mbegu, na kwa mtoto mdogo kata vipande vidogo ili asisakamwe.

Kwa watoto wakubwa na watu wazima, tunda zima ni bora kuliko juisi. Ukikamua na kuchuja unatupa nyuzinyuzi zinazosaidia tumbo na kuzuia sukari isiingie mwilini kwa kasi. Soda na vinywaji vya rangi si matunda, hata vikiitwa jina la tunda.

Usidharau matunda ya bei ndogo. Pera lina vitamini C mara kadhaa zaidi ya chungwa la uzito uleule, na mara nyingi tunawaachia ndege. Papai na embe vina pia vitamini A ya kulinda macho. Msimu mmoja ukiisha, fuata tunda la msimu unaoanza. Ukiwa na kiwanja kidogo, panda mpapai mmoja na mpera mmoja.

Mboga za majani nazo zina vitamini C, lakini moto mwingi huiua. Osha sukuma wiki, kunde, terere au managu kabla ya kukata, pika kwa muda mfupi, na usimwage maji uliyochemshia.

Ukila maharagwe, ndengu au mboga, kula na tunda. Vitamini C husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yanayoongeza damu. Chai nayo huyazuia, kwa hiyo isubiri saa moja baada ya chakula. Hili ni muhimu sana ukiwa mjamzito.

Unga uliosagwa mzima kwenye kinu cha posho ni mzuri, mradi mahindi ni makavu na hayana ukungu. Tangu mwaka 2012 sheria yetu inataka unga wa mahindi wa paketi uongezewe vitamini na madini, na hilo ni jambo jema. Lakini pakiti hiyo haichukui nafasi ya tunda.

Na ukiona mtoto anatoka damu kwenye fizi, miguu inamuuma hata hataki kusimama, au vidonda vyake havifungi, usimtibu nyumbani. Mpeleke kituo cha afya, au mwone mhudumu wa afya wa kijiji chako akuelekeze.

Mambo ya kukumbuka

Kwanza, tunda ni chakula, si mchezo wa watoto. Pili, lile bichi na zima lina nguvu kuliko la paketi. Tatu, maziwa ya mama kwanza, mpaka miezi sita. Nne, kila siku mtoto apate tunda moja au zaidi, kabla ya soko na kabla ya duka.

Mfalme wa Mombasa aliwapa wageni machungwa kutoka katika nchi yake, na wageni wakapona. Watoto wetu wasiyakose. Nikuachie kazi ya nyumbani: leo jioni, kabla ya kulala, muulize kila mtoto nyumbani kwako amekula tunda gani. Akikosa la kujibu, kesho unajua pa kuanzia.

Mimi ni muuguzi wako wa jamii. Tukutane wiki ijayo. Kwaheri.