Kipindupindu cha 1869 na Milki ya Maarifa

Historia ya afya Unguja inatufunza kwamba haitoshi kuuliza maarifa ni nini. Lazima tuulize pia: ni mali ya nani?

Mwishoni mwa mwaka 1869 kipindupindu kiliingia Mji wa Unguja na kuua maelfu ya watu. James Christie, daktari wa Sultani, alitafuta njia iliyopita maradhi hayo. Aliwauliza wafanyabiashara na watu wa misafara. Kwa maelezo yao akaonyesha kwamba yalipita nchi ya Wamasai, yakashuka Pangani, ndipo yakavuka bahari. Mwaka 1876 kitabu chake kilichapishwa London, kwa Kiingereza. Wananchi walitoa habari, wakazika na maiti wao. Kitabu kikabaki kwa wengine.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 matibabu yalifanywa bure. Bei iliondolewa mlangoni mwa hospitali, lakini ilibaki mlangoni mwa maarifa. Mtafiti huandika makala bila ya malipo, mwenzake huihakiki bila ya malipo, kisha kampuni huwauzia wao wenyewe. Huo ni unyonyaji, hata ukivaa joho la chuo kikuu.

Katika mapambano haya mkutubi wa tiba si mpanga vitabu tu. Wakutubi wa afya wa Afrika waliunda chama chao, AHILA, mwaka 1984. Mwaka 1993, pamoja na Shirika la Afya Duniani, wakaanzisha faharasa ya maandishi ya tiba ya Afrika, ili kazi za Waafrika zionekane. Mwaka 2002 Shirika hilo likaanzisha HINARI, inayozipatia taasisi za nchi maskini majarida bure au kwa bei nafuu.

Lakini tusibweteke. Januari 2011 baadhi ya wachapishaji waliifungia Bangladesh majarida yao katika mpango huo huo, na wengine wakarudi nyuma baada ya kulaumiwa. Hisani ya mwenye mali si haki ya umma.

Mwaka 2009 wananchi wa Unguja na Pemba walikunywa chanjo ya kipindupindu. Ikadhihirika kwamba iliwakinga hata majirani wasioinywa. Mtu asiyejua matokeo ya mwili wake mwenyewe hajatofautiana sana na yule wa 1869.

Wajibu wetu basi ni huu: kila utafiti unaofanywa visiwani uwekwe wazi maktabani, pamoja na muhtasari wa Kiswahili, na mkutubi apewe nyenzo za kuufikisha kwa muuguzi wa Makunduchi sawa na daktari wa Mnazi Mmoja. Tiba bure na maarifa huria ni mapacha. Hatuwezi kumlea mmoja tu.